Tundu la Upande wa Kushoto

Jumamosi asubuhi Ndegwa alilivuta lile sanduku refu kutoka uvunguni mwa kitanda, akalikumbatia kwa mikono miwili, akapita nalo sebuleni hadi uani. Waringa, mkewe, alikuwa kwenye kochi akikunja nguo. Alimsikia akifungua boneti ya gari, akasikia spana zikigongana, kisha akasikia mluzi. Akaliacha shati alilokuwa akilikunja. Ndegwa hakuwa amepiga mluzi tangu kabla ya Krismasi.

"Mama Janice!" aliita kutoka nje. "Kuja unishikie hii kitu. Leo ni leo."

Waringa alitoka mbio kama msichana.

Uani kwao, mtaani Mountain View, hapakuwa na nafasi ya kujivunia. Land Cruiser ya zamani, rangi ya udongo, ilikuwa imelijaza eneo lote kutoka langoni hadi dirisha la jikoni. Ndegwa aliinunua alipostaafu. Maisha yake yote ya kazi alikuwa akichimba visima vya maji kaskazini, Isiolo, Marsabit, na huko mbele ambako Waringa alikujua kwa majina tu: Kargi, Maikona, North Horr. Yeye Waringa alibaki Nairobi. Alifundisha darasa la pili, akamlea binti yao Janice, akaijenga nyumba hii chumba kwa chumba huku mumewe akiwa mtu wa kuja na kuondoka. Angeingia na vumbi jekundu kwenye viatu, akae kidogo, mtoto amzoee, halafu huyo, ameondoka tena. Siku aliyostaafu alimshika Waringa mkono mbele ya wageni, akasema, "Sasa ni zamu yako. Nitakupeleka uone kila mahali nilikokuwa nikienda nikikuachia hii nyumba."

Lakini kule barabara hukatwa na laga, mito ya mchanga inayokaa mikavu miezi na miezi, kisha mvua ikinyesha milimani hujaa ghafla na kubeba ng'ombe na malori. Ndegwa aliijua tabia ya laga. Ndiyo sababu alimwagiza rafiki yake Abdalla snokeli, lile bomba jeusi la plastiki ngumu linalopanda ubavuni mwa gari, kando ya kioo cha mbele, mpaka usawa wa paa, ili injini ivute hewa ya juu hata maji yakifika kwenye boneti.

"Injini ni kama mtu," alimwambia Waringa, akilitoa bomba sandukuni na kulipangusa kwa mkono wa shati. "Haiogopi maji ya miguu. Inaogopa maji ya pua."

Waringa alicheka. Alikuwa amemsikia akisema hivyo mara nyingi, ila asubuhi ile alilipokea neno hilo kama zawadi, kwa sababu ya yale aliyokuwa ameyabeba moyoni tangu Januari.

Januari walikwenda hospitali moja ya Parklands. Ndegwa alikuwa ameendesha gari hadi Kangemi kununua misumari, akarudi nyumbani kwa miguu, na gari likalala huko sokoni bila yeye kukumbuka kwamba alikwenda nalo. Daktari alikuwa mama mpole, mwenye sauti ya chini. Alimpa Ndegwa karatasi na kalamu, akamwomba achore saa ya ukutani. Ndegwa alichora duara safi kabisa, halafu akazipanga namba zote upande mmoja, zikabanana kama watu waliokimbilia kibanda wakati wa mvua. Akairudisha karatasi akitabasamu. Waringa aliitazama saa ile, kisha akamtazama daktari. Daktari aliwaeleza kwamba ugonjwa huu wa kusahau unaweza kwenda polepole, unaweza kwenda mbio, lakini haurudi nyuma.

Tangu hapo Janice, aliyekuwa akiishi mtaa wa Satellite na kufanya kazi katika benki moja mjini, hakuacha kupiga simu. Alitaka babake anyang'anywe funguo za gari.

"Mum, unangoja nini? Unangoja agonge mtu?"

"Kichwa ndicho kinachochoka, Janice," Waringa angejibu. "Mikono yake bado. Wacha kwanza aweke hiyo snokeli yake. Mwache amalize kitu kimoja."

Na asubuhi ile mikono ya Ndegwa ilionekana kumuunga Waringa mkono. Aliivua taa ya pembeni, akafungua bitana ya plastiki iliyo ndani ya madigadi, lile bati la juu ya gurudumu, akazipanga skrubu juu ya gazeti kwa mpangilio wa zilivyotoka. Kisha akaichukua karatasi ya vipimo iliyokuja na snokeli, karatasi pana iliyochorwa duara moja kubwa na vitone vya mahali pa kutoboa, akaibandika kwa selotepu kwenye madigadi ya kulia, upande wa dereva. Alirudi nyuma, akafumba jicho moja. Akaisogeza kidogo. Akarudi nyuma tena.

"Hapa hakuna kurudia," alisema. "Ukikata bati umekata."

Walikunywa chai wakiwa wamekaa kwenye ngazi ya jikoni. Alikula mkate, akamuuliza kama mvua imeanza kule kwao Gatundu, akakumbuka jina la mbwa wao wa zamani ambalo Waringa mwenyewe alikuwa amelisahau. Waringa alimtazama akitafuna, akajiambia kimoyomoyo kwamba huenda daktari alikosea. Watu hukosea. Kisha akaingia ndani kuitazama githeri, ile chemsho ya mahindi na maharagwe iliyokuwa jikoni.

Akiwa humo aliisikia drili ikianza. Ilinguruma, ikanyamaza, ikanguruma tena kwa sauti nzito, sauti ya chuma kinachokatwa. Aliongeza chumvi kwenye sufuria, akaonja, akafunika. Hakuwa na haraka. Alijisikia mwepesi. Alipotoka akipangusa mikono kwenye aproni, Ndegwa alikuwa amesimama upande wa pili wa gari, upande wa kushoto, ameishika snokeli na kuigeuzageuza. Aliiinua, ikakataa kulalia bati. Akaipindua juu chini. Ikakataa. Shingo yake ilikuwa imelowa jasho.

"Abdalla ameniletea kitu si yake," alisema kwa hasira. "Hii imepindwa vibaya. Angalia. Haikubali."

Waringa alizunguka mbele ya gari. Madigadi ya kushoto ilikuwa na tundu kubwa la mviringo, limekatwa vizuri kabisa, kingo zake zinang'aa. Ile karatasi ya vipimo ilikuwa imebanduliwa kutoka kulia na kubandikwa huku, imegeuzwa nyuma mbele, selotepu imenyooshwa bila hata kikunjo. Ukichungulia tunduni ulikuwa ukiona betri. Mdomo wa kuvutia hewa, ule ambao snokeli ilipaswa kuungwa nao, ulikuwa kule ng'ambo, nyuma ya bati ambalo halikuguswa.

Waringa alichungulia. Ndegwa naye aliinama, akachungulia. Akaingiza vidole tunduni, akaigusa betri. Alipoinuka uso wake ulikuwa umepauka, na hasira yote ilikuwa imemtoka.

"Waringa," alisema. Hakuwa akimwita jina lake mara nyingi. "Nimetoboa wapi?"

Maneno yalimtoka Waringa kabla hajayapima. "Ni mimi, Baba Janice. Nilikuwa napangusa vumbi, karatasi ikatoka, nikaibandika upande huu. Sikujua. Ni makosa yangu."

Ndegwa alimtazama. Kwa dakika ile macho yake yalikuwa makali kama ya zamani, macho ya mtu aliyezoea kusoma ardhi na kujua maji yako wapi.

"Usinidanganye," alisema polepole. "Wengine wanidanganye, sawa. Lakini na wewe ukianza, mimi nitashika nini?"

Aliiweka snokeli chini, akakaa juu ya tairi la akiba, akajifunika uso kwa viganja vilivyojaa unga wa chuma. Mabega yake yalikuwa yakitikisika bila sauti. Waringa alipiga magoti kando yake juu ya saruji, akamshika, na wakabaki hivyo mpaka harufu ya githeri inayoungua ikawafikia, na hakuna aliyeinuka.

Janice alifika saa tisa. Alikuwa amepigiwa simu na mama yake, na njia yote kutoka Satellite alikuwa amejipangia maneno. Aliliona tundu kabla hajafunga lango. Alisimama akilitazama, mkoba begani.

"Mum, umeona sasa?" alisema kwa sauti ya chini. "Leo ni gari. Kesho ni mtoto wa mtu hapo Waiyaki Way."

"Nimeona."

"Basi leo sibishani. Funguo nazibeba."

Mlango wa jikoni ulifunguka. Ndegwa alikuwa ameoga na kubadilisha shati. Alitembea hadi kwa binti yake, akaingiza mkono mfukoni, akazitoa funguo mwenyewe, akaziweka katika kiganja cha Janice na kukifunga kwa vidole vyake.

"Chukua sasa hivi," alisema, "kabla sijasahau kwamba nimekubali."

Janice, aliyekuwa amepigania funguo zile kwa miezi, alizishika na kuangua kilio. Babake ndiye aliyembembeleza. Alimpigapiga mgongoni akisema, basi, basi, mama, basi, kama alivyokuwa akimwambia alipokuwa mdogo na yeye akiaga kwenda kazini.

Baadaye, wakiwa wawili jikoni wakisugua sufuria iliyoungua, Waringa alisema, "Snokeli bado tutaiweka."

"Ya nini, Mum? Nani ataendesha?"

Waringa aliongeza maji sufuriani. Aliendelea kusugua. "Aliniambia atanipeleka," alisema hatimaye. "Kama si yeye wa kuendesha, basi atakaa kando na kunionyesha."

Abdalla alikuja siku iliyofuata baada ya swala ya adhuhuri. Alikuwa na duka la vipuri Kirinyaga Road, na urafiki wake na Ndegwa ulianzia hapo kwenye kaunta, wakati Ndegwa alipokuwa akija kutafuta bearing za mashine za kuchimbia na wakabishana mpaka duka likafungwa. Kwao kwa asili ni Lamu, lakini alikuwa ameishi Parklands muda mrefu hata wajukuu wake walioko Lamu wakawa wanamcheka Kiswahili chake cha Nairobi. Alileta kipande cha bati, silikoni, na sambusa alizofungiwa na mkewe Zainab.

Alipoliona tundu la kushoto hakushtuka, au alijizuia. Alipitisha kidole kandokando yake.

"Gari la zamani halikosi kovu," alisema. "Hili tutaliziba, shemeji. Ndegwa, waonaje? Tulizibe kwanza au tutoboe lile jingine?"

"Tutoboe," Ndegwa alisema. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki, mikono juu ya magoti. Siku ile alikuwa mtulivu. Alimtazama Abdalla akiibandika upya karatasi ya vipimo upande wa dereva, akaitazama drili ikitolewa, kisha akasema, "Mpe yeye."

"Nani?"

"Mama Janice. Gari ni lake. Mpe yeye."

Waringa alianza kukataa. Maisha yake yote alikuwa ameshika chaki na mwiko. Lakini Abdalla alikuwa amekwishamnyooshea drili, na Ndegwa alikuwa amekisogeza kiti chake karibu, na machoni mwake mlikuwa na kitu ambacho Waringa hakutaka kukizima.

Alianza na vitundu vidogo. Drili ilimtetemesha mpaka kwenye meno. Mara ya kwanza iliteleza, ikachora mstari mweupe juu ya rangi, naye akapiga kelele na kuirudisha nyuma.

"Usiisukume," Ndegwa alimwambia. "Iegemee tu. Chuma kitakwambia kikiwa tayari. Unasikia hiyo sauti? Sasa. Sasa imeingia. Pole pole."

Kisha wakafunga ule msumeno wa duara mbele ya drili, na Waringa akakata. Vipande vidogo vya chuma, vya moto, vilimrukia kwenye mikono akavivumilia. Muda wote ule sauti ya Ndegwa ilikuwa sikioni mwake, imara, ya mtu anayejua. Iegemee. Inua kidogo ipoe. Sasa rudi. Kile kisahani cha bati kilipodondoka ndani ya madigadi kwa mlio, Abdalla alipiga makofi. Waringa alimgeukia mumewe akihema, nywele zimemtoka kwenye kitambaa, na Ndegwa alikuwa akicheka. Katika ndoa yao yote hawakuwahi kufanya kazi moja pamoja namna ile. Wakati wa Waringa kumjua mumewe akiwa kazini ulikuwa umefika sasa, kazi ikiwa inamtoka.

Walilainisha kingo kwa tupa, wakapaka rangi ya kuzuia kutu. Abdalla alikaza boliti kwa ndani, akafunga kishikizo kwenye nguzo ya kioo cha mbele, akaunga mpira wa hewa kwa klipu na kuzungushia silikoni kila mahali. Upande wa kushoto walibandika lile bati, wakalipaka rangi ambayo haikulingana.

Silikoni ilihitaji kukauka. Kesho yake alasiri Abdalla alifunga duka mapema, akapita benki kuchukua funguo kwa Janice, akaja kwa ajili ya jaribio la mwisho. Ndegwa ndiye aliyelieleza, huko nyuma, kabla ya haya yote: injini ikiwa inanguruma, mtu huuziba mdomo wa snokeli kwa kiganja. Ikiwa hakuna mahali panapovuja, injini itakosa hewa na kuzima. Isipozima, basi kuna mwanya, na penye mwanya wa hewa maji nayo yatapita.

Abdalla alimkalisha Ndegwa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limefungwa breki na lango limefungwa. Injini iliwaka. Waringa alipanda juu ya stuli, akanyoosha mkono, akauziba mdomo wa bomba. Alihisi nguvu ikikivuta kiganja chake kwa ndani, nguvu kubwa kuliko alivyotarajia, kama kitu kinachopigania uhai. Injini ilikohoa. Ikatetemeka. Waringa alitamani kuuondoa mkono. Aliushikilia. Injini ikazima, na uani pakawa kimya, ikabaki tu sauti ya magari ya mbali barabara kuu.

"Imeshika!" Abdalla alisema. "Wallahi imeshika, shemeji!"

Ndegwa alifungua mlango, akashuka taratibu. Alikuja mpaka penye stuli, akamsaidia Waringa kushuka, akampa mkono. Aliutikisa kwa heshima, kwa vidole vyote, kama watu wanavyofanya wakikutana mara ya kwanza.

"Kazi safi sana," alisema. "Safi sana. Sijawahi kuona fundi wa kike mwenye mkono kama wako. Unajua, mimi nina safari na mke wangu. Siku moja nitakuleta umwone. Atafurahi."

Abdalla aligeuka, akaanza kukusanya spana ambazo zilikuwa zimekwisha kukusanywa.

Waringa hakuuachia mkono ule. Alijikaza. Angeweza kusema asante, na ingekuwa rahisi kwa wote. "Baba Janice," alisema. "Ni mimi. Ni mimi Waringa."

Ndegwa alimtazama usoni, akamtazama kwa bidii, paji la uso limekunjamana. Kisha akatabasamu kwa adabu, tabasamu la mtu anayetaka kumpendeza mgeni.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo, najua."

Lakini hakuwa akijua. Kumbukumbu ilirudi baada ya chakula cha jioni, alipomwita Mama Janice na kumuuliza mbona macho yake ni mekundu, naye akamwambia ni vumbi la chuma.

Aprili mvua zilikuja kwa fujo, na ugonjwa nao ukaenda mbio. Kulikuwa na siku nzuri, lakini zilikuwa zikipungua. Waringa aliona kwamba wakingoja barabara zikauke hawatakwenda kabisa. Abdalla alikubali kuendesha. Janice alipinga, akalia, kisha akaleta blanketi mbili na dawa za babake zilizogawanywa kwa siku. Waringa alipika chapati, akakaanga kuku, akachemsha mayai, akajaza chai kwenye thamosi kubwa. Walikuwa wafike Isiolo kabla ya giza, halafu kesho yake waelekee Marsabit.

Waliondoka Mountain View asubuhi ya manyunyu. Ndegwa alikuwa mbele, kando ya Abdalla, amevaa kofia yake ya kazi. Alipiga mluzi Waiyaki Way yote. Penye dimbwi kubwa la Kangemi, ambapo magari madogo yalikuwa yamesimama yakiogopa, Abdalla alipita moja kwa moja, maji yakapasuka pande zote mbili, na Ndegwa akapiga dashibodi kwa furaha. Waringa, nyuma, alimwona kwenye kioo. Alijiambia kwamba walifanya vyema kuja.

Ilibidi wapite Kirinyaga Road, Abdalla achukue jeki aliyoisahau dukani. Barabara ilikuwa imeziba. Mikokoteni, pikipiki, watu wamebeba bampa vichwani, honi zisizokoma. Abdalla aliegesha, akaingia dukani mbio. Waringa alikuwa amejiinamia akitafuta thamosi miguuni aliposikia mlango wa mbele ukifunguka. Alipoinua kichwa Ndegwa hakuwepo.

Alimwona ng'ambo ya barabara, kofia imeanguka, amemshika mkono kijana mmoja aliyekuwa akiuza waipa za kufutia vioo vya magari. Waringa alivuka bila kutazama, pikipiki ikamkosakosa. Alipokaribia aliisikia sauti ya mumewe, sauti ya kuomba ambayo hakuwahi kuisikia.

"Nionyeshe tu njia ya kwenda nyumbani," Ndegwa alikuwa akimwambia kijana. "Nimekaa sana huku. Mke wangu yuko peke yake na mtoto. Wananingoja. Nimekaa sana, nimekaa sana."

Kijana alimtazama Waringa akiomba msaada kwa macho. Waringa alisimama katikati ya kelele zile zote na hakuweza kusogea. Ni mara ngapi usiku alilala akiamini kwamba Ndegwa akiwa kule huwa hawawazi, kwamba kule ndiko kwake na huku ni mahali pa kupita! Hakuwahi kumuuliza. Naye hakuwahi kusema.

"Mimi nitakupeleka," alisema mwishowe, akamshika kiwiko. "Twende nyumbani."

"Unaijua njia?"

"Naijua."

Alimfuata bila ubishi. Abdalla alikuwa amesimama kando ya gari na jeki mkononi. Aliwatazama wote wawili, akaiweka jeki nyuma, akauliza kwa sauti ndogo, "Tungoje kidogo, shemeji? Huenda akatulia."

"Geuza," Waringa alisema.

Walirudi na barabara ile ile. Ndegwa alikaa nyuma safari hii, ameegemea bega la Waringa, na kabla ya Westlands alikuwa amelala. Saa tano hivi walikuwa uani tena. Mvua ilikuwa imekatika. Kwa kuwa hakuna aliyejua la kufanya, Waringa alifungua mikebe ya chakula cha safari, akakipanga juu ya boneti iliyokuwa bado na joto, na wakala wakiwa wamesimama. Ndegwa aliamka na njaa. Alikula kuku kwa hamu, akaomba chapati ya pili, akamuuliza Abdalla habari za Zainab na za biashara kana kwamba Abdalla ndiye aliyekuwa amewatembelea. Abdalla alimjibu kila swali, machozi yakimchuruzika ndevuni, na hakuyapangusa, ili Ndegwa asitambue kwamba analia.

Hawakujaribu tena. Land Cruiser iliondoka mwezi wa saba. Aliyeinunua alikuwa mfugaji wa Isiolo, mtu wa maneno machache, aliyeikagua snokeli, akaigonga kwa kucha, akaridhika. Gari lilipotolewa nje kinyumenyume, Ndegwa alikuwa barazani akiota jua, bakuli la uji mapajani. Alimwinulia dereva mkono kama alivyokuwa akimwinulia kila apitaye, kisha akaendelea kunywa uji wake. Hakuuliza linakwenda wapi, siku ile wala siku nyingine. Waringa alifunga lango, akatia komeo, akaenda kuketi kando yake.